Nilivyochambua Meza Yetu

Makutupora, Dodoma
Jumapili, baada ya adhuhuri

Salim, mdogo wangu, kabla hujafungua mdomo simama hapa. Mistari hii ya kwanza ni yako peke yako. Aliyekuletea barua hii anaitwa Yustina. Mpeni maji, mpeni chakula, mwonyesheni pa kulala, na barua usimsomee mama mpaka mgeni awe ameenda kuoga au amelala. Nakujua wewe, ukishika karatasi unasoma kama unahutubia mkutano, mpaka jirani wa nyumba ya tatu anajua habari zetu. Leo punguza sauti. Yustina asisikie hata neno moja.

Sasa mwite mama.

Mama yangu, shikamoo. Naibusu mikono yako yote miwili, hasa ule wa kulia wenye kiganja kilichokolea karafuu, ulionilea na kunichapa kwa kipimo kimoja. Goti lako vipi? Yale mafuta niliyokuletea kwa mkono wa yule baharia yalifika, au alijipaka mwenyewe? Na paa la jikoni, Salim ameshalitia makuti mapya au bado anasema kesho? Mimi mwili ni mzima. Sitaandika yale maneno ya buheri wa afya, maana wewe sauti yangu unaijua hata kwenye karatasi, utasema huyu mtoto ananidanganya. Mwili mzima, ila nimekwama, mama. Nimekwama pabaya.

Barua yako niliipata. Umesema mikarafuu imezaa mwaka huu kuliko miaka yote tangu baba alipofariki, kwamba wachumaji wapo ila wachambuaji hamna, wasichana wote wamekimbilia mjini, na kwamba nifunge virago nije. Na chini kabisa Salim akaongeza: "Mama anauliza, wewe unatuandikia kila siku kuwa kazi yako ni kuchambua. Huko Dodoma karafuu mmezitoa wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, lakini hilo la baadaye.

Mama, huku hatuna karafuu. Huku ni zabibu. Na ngoja nikuambie nilivyoaibika nalo neno hilo siku yangu ya kwanza, sijawahi kukusimulia kwa haya. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa shamba hili lilipokuwa bado la shirika. Aliniombea kazi bandani. Msimamizi akanikabidhi ndoo mbili za zabibu na mkasi mdogo, akasema, "Chambua hizi," akaenda zake. Mimi binti yako, nikaona kazi si ndiyo hii niliyokulia. Mkasi nikauweka pembeni. Nikashika kichala kwa mkono mmoja, nikakisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili kama ulivyonifundisha mkekani, zabibu zikadondoka pa! pa! pa! Makonyo nikayapanga fungu lake safi kabisa, nikijua yatauzwa. Ndoo mbili nilizimaliza kabla wenzangu hawajamaliza nusu ndoo, nikainua kichwa nikingoja sifa.

Banda zima lilikuwa limesimamisha mikasi. Mama, huku kuchambua zabibu ni kukata kwa ncha ya mkasi ile iliyooza, ile mbichi na ile iliyopasuka, kichala kibaki kizima juu ya kikonyo chake, kisafirishwe Dar kikaliwe na watu wenye meza. Hata kuigusa kwa kidole huruhusiwi, maana zabibu ina ungaunga mweupe juu yake, na ukiigusa alama inabaki. Mimi nilikuwa nimezipukutisha zote, zimebaki tupu zinanitazama. Msimamizi aliporudi alishika kichwa. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa Kigogo, mtu mzima, akasimama akasema, "Ni mimi niliyemwambia. Nilidhani hizo ni za kukamua." Alikatwa ujira wa siku nzima kwa uongo huo, na hata jina langu alikuwa halijui. Huyo ndiye Mama Ndahani ninayemtaja kwenye kila barua. Mpaka leo akitaka kunichokoza anasugua viganja hewani na kusema, "Mpemba, leta ndoo."

Tangu siku hiyo neno lenyewe halinitoki kichwani. Mzee Feruzi mwenye duka hapa, ambaye babu yake alifika na misafara akaoa akabaki, anasema neno hili lilizaliwa na pamba. Babu yake alizitoa mbegu kwenye pamba kwa vidole, na hiyo ndiyo iliitwa kuchambua, mengine yote ni wizi wa neno. Nikamwambia, mzee wangu, kabla watu hawajavaa pamba walikuwa wanakula mboga. Mama yangu huchambua kisamvu, hapa wanawake huchambua mlenda kabla ya kuuanika, na mchele wako wa dukani huu tunauchambua mawe mpaka mgongo unauma. Akacheka, lakini hakukubali. Kijana wake anayefanya kazi ofisi za Bunge mjini naye akadakia kuwa kwao huchambua miswada siku nzima. Mzee akasema na wake za watu kisimani huchambua wenzao. Kisha akanyanyua kidole kama maalim: "Angalia, Zuwena. Bandua, pambua, kwanyua, chambua. Yote ni maneno ya kutoa kitu mahali kilipokuwa kimeshika." Nikaona hilo kweli, nikanunua sukari nikaondoka.

Mimi kwa akili yangu naona neno lilianzia mapajani mwa mwanamke aliyekaa na mboga zake. Anajua la kula na la kutupa, mkono wake haumwulizi mtu. Nilidhani na mimi mkono wangu unajua.

Mama, sasa nakuja kwenye lenyewe.

Shirika limekufa, nilikuandikia. Enzi hizi za ruksa kila kitu kinapata mwenyewe, na shamba letu limepata mwenyewe. Sisi tunamwita Tajiri. Si mtu mkali. Anasalimia, anauliza watoto, na anavaa saa mbili sijui kwa nini. Jumatano hii iliyopita aliniita ofisini mchana, akanikaribisha kiti. Mwaka huu mimi ndiye mkubwa wa meza, kwa hiyo nilijua ni habari za kreti.

Akasema, "Dada Zuwena, mezani mko ishirini. Nataka kumi na wawili."

Nikauliza, "Mavuno ndiyo yanaanza, bosi, tutaweza?"

"Mtaweza. Hili si shirika tena. Niandikie majina ya kumi na wawili wanaobaki. Nipate Ijumaa."

"Kwa nini mimi?"

Akanitazama kama mtu anayenisifu. "Kwa sababu wewe huna ndugu hapa. Nikimpa Mgogo atambakiza shangazi yake, nikimpa Mrangi atambakiza binamu yake. Wewe umetoka baharini huko. Huna wa kumwonea haya. Wewe ndiye mchambuaji wangu, chambua."

Nikatoka. Mama, miaka tisa nimekaa huku, nimemzika mume wangu kwenye udongo huu, na mtu ananiambia sina mtu. Na ubaya ni kwamba aliniambia vile kunitukuza.

Unajua nina mtu. Nilipofiwa nilikaa eda peke yangu kwenye chumba kimoja, na wewe ulikuwa kitandani kwa homa ile ya mwaka ule huwezi kusafiri. Nani alinitekea maji? Nani aliniletea ugali na mlenda kila siku jua likianza kushuka, akinigongea mlango na kuita "Mbukwa!", salamu yao Wagogo, kwa sauti ya kunitoa usingizini? Mama Ndahani, Mwanglikana wa kuimba kwaya, ndiye aliyezihesabu siku zangu za eda kuliko mimi mwenyewe, kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani kwake. Na mezani aliishika nafasi yangu. Alifanya kazi ya upande wake na ya upande wangu, yeye peke yake, miezi minne na siku kumi, ili nisikute kiti changu kina mtu. Alipomaliza kazi ile macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Sasa hayaoni. Ameota mtoto wa jicho pande zote mbili, na tangu mwaka jana anaona kivuli tu. Hakuna anayejua isipokuwa mimi, maana mezani tunakaa wawili wawili tukitazamana, mmoja anageuza kichala na mwingine anakata. Mimi nageuza na kumnong'oneza: kushoto, chini kidogo, hapo, kata. Anakata. Mkono wake hautetemeki. Kreti zetu hazijawahi kurudishwa hata moja. Ana wajukuu watatu wanaomtegemea, mama yao yupo Singida na haonekani.

Basi, Alhamisi asubuhi sikwenda bandani, nilisema naumwa. Nikakaa mlangoni na ungo wa mchele, nikiuchambua huku nachambua watu. Saba walitoka bila kunitia jasho. Wawili walikwisha kuniambia wanarudi mashambani kwao, mmoja anakaribia kujifungua, na wanne ni wa kuja leo kesho hawaji. Akabaki wa nane. Nikazunguka meza nzima kichwani, kiti kwa kiti, na kila nikizunguka nasimama mahali pale pale, kwa Mama Ndahani. Mtu mwingine yeyote angeandika jina lake la kwanza kabisa kati ya wanaotoka. Mchambuaji asiyeona!

Nikafikiri nijitoe mimi. Wallahi mama, nililifikiri hilo, na nilifurahi dakika nzima. Niliiona meli, nikaliona gati, nikakuona wewe umekaa mkekani na goti lako. Barua yako ilikuwa hapa kwenye khanga. Ungenipata, tungechambua karafuu wote wawili. Kisha nikajiuliza, mimi nikiondoka nani atamnong'oneza? Siku moja tu bila mimi, Tajiri ataona. Nikitoka, tunatoka wote wawili, mimi naenda kwa mama yangu, yeye anaenda wapi?

Kwa hiyo nikatafuta mwingine. Nikamwandika Yustina kati ya wanaotoka.

Yustina, huyo mgeni wenu, ni binti wa Chemba, ana miaka kama ishirini na miwili. Macho yake ni ya mwewe. Huona zabibu iliyopasuka kwa nyuma kabla hujaigeuza. Nilijidanganya kwa sababu nzuri: ni kijana, hana mtoto, kwao wana ng'ombe, ataolewa. Sababu ni rahisi kuzipata ukishaandika jina.

Jumamosi asubuhi Tajiri akasoma orodha mwenyewe bandani. Hakusema nani kaiandika. Saba waliondoka, wengine wakitukana, wengine wakicheka. Yustina hakuondoka. Aliufunga mkasi wake, akaulaza mezani taratibu, akanifuata na kreti yake mkononi.

"Dada Zuwena, nikague. Nataka kujua nimekosea wapi. Nimeacha bovu gani?"

Banda zima linatutazama. Tajiri yupo mlangoni. Mama Ndahani ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikachukua kreti ile, nikageuza kichala kimoja kimoja. Mama, ilikuwa safi. Sijawahi kuona kreti safi vile. Ningesema hivyo, Tajiri angeuliza basi kwa nini hayumo, na angeanza kukagua watu mmoja mmoja. Nikakata zabibu moja, kubwa, nzima, nyeusi, imeiva sawasawa, nikaifumbata haraka.

"Hii," nikasema. "Umeacha hii."

Akasema, "Naomba niione."

Nikasema, "Imeshapasuka mkononi, itakuchafua."

Akaniamini. Akasema, "Basi macho yangu yameanza kuharibika. Mama yangu mzazi naye yalimharibika mapema." Akanishukuru, mama. Akanishika mkono huu mwingine akanishukuru kwa kumwambia ukweli.

Zabibu ile niliila nyuma ya banda. Ilikuwa tamu. Nikaitapika.

Nilidhani angalau Mama Ndahani atapumua. Jioni ile nilimsindikiza kama kawaida, nimemshika mkono njiani asijikwae. Tulipofika mlangoni kwake akautoa mkono wake kwenye wangu. Akaniuliza, "Kreti ya yule mtoto ilikuwa na bovu?" Nikaanza kumfungulia mlango. Akasema, "Mimi sioni, lakini nakusikia ukipumua. Tangu mwaka jana nakusikiliza wewe tu." Kisha akasema neno hili: "Zuwena, sikukaa na wewe eda yako ili uje unilipe kwa mtoto wa mtu."

Nikamwambia, "Basi nenda kamwambie Tajiri huoni."

Akageuza sikio mlangoni. Wajukuu walikuwa ndani wanagombania kitu, anawasikia. Akasema, "Siwezi. Unajua siwezi." Akaingia ndani.

Ndiyo hali yetu, mama. Kesho Jumatatu tutakaa mezani tukitazamana. Nitageuza kichala, nitasema kushoto, chini, hapo, naye atakata. Hatanitania tena habari za ndoo. Yeye hawezi kuondoka kwa ajili ya wajukuu, mimi siwezi kuondoka kwa ajili yake, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mlango uliofungwa. Ukiniuliza naja lini, sijui. Mavuno haya siji. Msimu ujao, kama Tajiri hajataka sita badala ya kumi na wawili, pia sijui. Uliniita mimi, nami nakuletea mwingine. Nisamehe.

Leo asubuhi Yustina alikuja kuniaga. Kwao Chemba hataki kurudi, anaona aibu kusema amefukuzwa kwa macho. Hapo hapo nikakumbuka karafuu zako. Nikamwambia nina mama Pemba, mikarafuu imezaa, anatafuta mkono. Akauliza, "Kuchambua karafuu kunataka macho?" Nikamwambia kule ni kiganja tu, kikonyo huku, karafuu huku, hata ukifumba macho. Uso wake ulifunguka, mama. Akasema hiyo ataiweza. Ndiyo maana yuko hapo kwenu. Mfundishe ulivyonifundisha mimi, asikaze kiganja. Mwambie makonyo asitupe, maana atayatupa, kwa kazi ya huku tumezoea kutupa. Ni Mkristo, Jumapili Salim amwonyeshe kanisa lilipo. Pweza hajawahi kumwona, msimcheke.

Sasa hivi ninavyoandika yuko hapo nje anafunga mzigo wake kwa kamba ya katani, hatua kumi kutoka hapa nilipokaa. Anaimba. Nimenyanyuka mara mbili niende kumwambia, na mara zote mbili nimefika mlangoni nikamuuliza kama amekunywa chai. Amekunywa, mara zote mbili.

Nisalimie mama mdogo, mdogo wako, na mwambie zile khanga zake bado ninazo. Nisalimie wifi, mke wa Salim, na mwanawe aliyenirithi jina. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, na yule bibi jirani aliyetuzalisha sote. Huku Mzee Feruzi anakusalimu sana, anasema ukichambua kisamvu umkumbuke kuwa pamba ilitangulia.

Salim, nilipoanza nilikuambia mgeni asisikie. Karatasi imebaki kidogo, sina nyingine ya kuanza upya, na ule mwanzo siufuti, mjue nilianzaje. Lakini hawezi kukaa kwenu akichambua karafuu miaka na miaka akiamini ni kipofu mtarajiwa kwa sababu yangu. Barua nitaifunga kwa ugali badala ya gundi, hataifungua njiani, si mtu wa namna hiyo. Basi mwite. Mkalishe karibu na mama, usome tena kutoka juu, kwa ile sauti yako ya mkutano. Akinuna, ana haki. Akiondoka akakuacha na karafuu zako, mama, usimzuie, na lawama niandikie mimi. Akibaki, sikustahili.

Mwambieni macho yake ni mazima. Ile zabibu ilikuwa nzima.

Mimi mwanao,
Zuwena